Udongo wa Kuoshea Sufuria Kubwa

Mdogo wangu aliupata Uislamu dukani. Sisemi kwa kumkejeli, ingawa naweza. Alikwenda kununua kitenge pale Kyela mjini, katika duka la kijana mmoja ambaye babu yake alikuja kutoka pwani na marobota ya nguo, akapunguziwa bei kabla hajaomba. Mimi nauza mchele, nimekaa sokoni kuliko nilivyokaa nyumbani, na najua kwamba muuzaji anayepunguza kabla hujaomba ana bidhaa nyingine chini ya meza. Nilimwambia. Hakusikia. Kabla ya mavuno yaliyofuata alikuwa amesilimu, ameolewa na kijana yule, amepewa jina jipya, na amejifunga ushungi kiasi kwamba siku moja nilimpita nikidhani ni mteja.

Mama alilia, akanyamaza, kisha akachukua mkungu wa ndizi na jogoo hai akaenda kuwasalimu wakwe. Jogoo hai, ili wamchinje wenyewe. Mama hakuwa na elimu ya dini zaidi ya nyimbo za kanisani, lakini jambo la kisu alilijua.

Kwetu jambo la kisu lilishakwisha zamani. Ukiwa na msiba au harusi, ng'ombe anachinjwa na Mwislamu, hata kama wenye shughuli wote ni watu wa kanisa na Mwislamu mwenyewe ametafutwa mtaa wa tatu. Mchungaji anakiombea chakula. Na kabla ya wote hao, kuna mzee ameamka mapema akanong'ona na walio ardhini. Ng'ombe mmoja, wenye haki wa pande tatu, na hakuna aliyeandikiana mkataba na mwenziwe. Ningekuwa ndiye niliyepatanisha mapatano hayo ningejisifu mpaka leo.

Lililosahaulika katika mapatano ni sufuria.

Mtaa wetu una chama cha kuzikana, na mtunza vyombo ni mimi. Walinichagua kwa sababu nahesabu. Viti, mabeseni, vijiko, turubai na kamba zake, vinatoka nimevihesabu na kurudia, vinarudi nimevihesabu na kurudia, na bado kuna watu wakija kurudisha vijiko hawanitazami usoni. Katika vyombo hivyo mkubwa wao ni sufuria moja ya wali, ambayo haibebwi na mtu mmoja, inapitishwa mti masikioni ikabebwa na wawili. Imepika kila kitu kilicholiwa mtaani kwetu. Hapa kwetu, mtu anayeuliza sufuria ilipika nini jana ama ni mgeni ama anatafuta ugomvi.

Mama alipougua kwa mara ya mwisho, mimi na mdogo wangu tulimgombania kama watu wawili waliokuta gunia moja sokoni, kila mmoja ameshika pembe yake. Nilimkuta ameinama sikioni mwa mama akimnong'oneza maneno ya Kiarabu. Nikamwambia mama hajui Kiarabu. Akasema Mungu anakijua. Nikamwambia basi amnong'oneze Mungu, amwache mama alale. Mchungaji alipokuja kumwombea mgonjwa, nilimwomba apaze sauti, mama anasikia kwa shida. Mama alikuwa anasikia vizuri. Nilitaka asikie aliyekaa chumba cha pili akivuta tasbihi.

Mama aliitikia wote. Huku amina, kule amina. Alisema neno ni lile lile, sasa tumwache apumue.

Alipofariki hatukugombania maiti. Nalisema hilo kwa sababu watu walikuwa wanalisubiri. Kanisa lilimzika, mdogo wangu alisimama nyuma pamoja na wanawake, na shemeji yangu alishika koleo kama wanaume wengine, akafukia mpaka jasho likalowesha kanzu. Nilianza kufikiri tumemaliza salama. Mtu wa biashara hatakiwi kufikiri hivyo kabla mzigo haujashuka.

Kesho yake ndiyo siku ya kulisha watu. Ng'ombe aliangushwa, shemeji akamchinja, nyama ikakatwa. Sufuria kubwa ilikwishapandishwa kwenye mafiga pale mdogo wangu alipokuja jikoni, akasimama, akaitazama kama ofisa wa afya.

"Dada, hii ilipika nini mara ya mwisho?"

"Wali."

"Kabla ya wali?"

Mtunza vyombo hawezi kusema hajui. Kabla ya wali ilikuwa kwa mwenyekiti wa mtaa, kwenye harusi ya kijana wake, na ilipika nguruwe. Nikamwambia. Nikaongeza kwamba ilioshwa.

"Kwa kitu gani?"

"Kwa jivu na sabuni. Ulitaka ioshwe kwa marashi?"

Akasema, kwa sauti ya mtu anayesoma, kwamba chombo kilichopika nguruwe huoshwa mara saba, na mojawapo iwe kwa maji yaliyochanganywa na udongo safi. Ndivyo walivyofundishwa. Kama haiwezekani, hana ugomvi na mtu, ataagiza sufuria yake ndogo nyumbani, apike pembeni chakula chake, cha mumewe na cha wanawe.

Angeniambia hivyo mimi peke yangu ningemtukana na tungemaliza. Lakini nyuma yangu alikuwa shangazi yetu, dada wa baba, aliyekuja kutoka Ikolo na wanawake wa ukoo. Shangazi ni mama mzee wa kanisa, ana sare na ana kiti chake mbele.  Aliwageukia wenzake waliokuwa wanamenya ndizi.

"Mtoto anajipikia chake kwenye msiba wa mama yake," akasema. "Sawa. Ila kama hataki kula na sisi, atuambie basi mama yake alikufa na nini."

Visu vya ndizi vikasimama.

Kwetu hilo si neno la kupita. Msibani watu wanakula pamoja, na anayekataa kula ana jambo na marehemu. Wazazi wetu walizikwa hivyo na wao waliwazika wa kwao hivyo. Unaweza kuwa na ubishi na wafiwa, unaweza kuwa na kesi nao, lakini tonge unameza, watu wakuone umemeza. Usipomeza, hakuna atakayekupeleka polisi. Watanong'ona tu. Namfahamu mama mmoja, tena wa kanisani, aliyekataa kula kwa sababu ya tumbo, na kabla mpunga haujakomaa alikuwa amehama. Duka la mdogo wangu halikuwa na wateja wengine zaidi ya wanawake wale wale waliokuwa wameshika visu vya ndizi. Wanawe walikuwa wanasoma na watoto wao.

Nilikuwa na hasira naye za kutosha kufungulia ghala. Lakini hasira zangu hazikuwa na uchawi ndani yake. Na sikutaka mama yangu, aliyekufa kwa moyo na umri, aende kaburini na kuitwa mtu aliyerogwa na bintiye. Kwa hiyo nililotaka siku ile lilikuwa moja: mdogo wangu ale, kutoka sufuria ile, wakiona. Ampende nani, amchukie nani, hilo lingesubiri.

Hapo ndipo mwalimu alipoingilia. Nimempangisha chumba cha uani. Anafundisha historia sekondari, wamemleta kutoka mkoa wa mbali kusikojulikana mpunga, na ni mtu mwema mwenye ugonjwa mmoja: ukimuuliza kitu anajibu. Shangazi akamuuliza. Alitaka msomi amuunge mkono.

"Mwalimu, wewe umesoma. Hii sheria ya nguruwe ni ya nani?"

Mwalimu akaokota kijiti, akachuchumaa, akaanza kuchora kwenye vumbi la uani kwangu, mbele ya msiba, dunia nzima.

Alianzia mbali. Akasema sheria hiyo ni kongwe kuliko Uislamu, ilikuwa ya Wayahudi, wafugaji wa mbuzi na kondoo katika nchi kavu, na kwamba kukataa chakula cha jirani ndiko kulikowafanya wabaki taifa moja hata walipotawanywa. Akasema Yesu alizaliwa humo humo, akatahiriwa humo, akala walichokula.

"Kwa hiyo Yesu hakula nguruwe," shangazi akasema.

"Hakula."

"Hata msibani?"

"Hata msibani, mama."

Shangazi akamtazama kama mtu aliyefika nyumbani akakuta debe lake lina mawe chini. Mdogo wangu akaona pengo, akacheka kidogo puani. Ningemzaba kibao.

Mwalimu hakuona kitu, alikuwa anachora. Akasema wafuasi wa kwanza wa Yesu walibishana vikali kama watu wa mataifa wanaotaka kuingia lazima wafuate sheria za chakula, na walioshinda ni wale waliosema si lazima. Ndipo ile dini ikapata miguu, ikatembea. Ikafika Roma, ikateswa, kisha mfalme akaipokea, na dini ikishapokelewa na mfalme inapata barabara na askari. Mshale mrefu ukapanda Ulaya. Mshale mwingine akauanzisha Uarabuni, katika mji wa misafara ya ngamia, kwa mtu aliyekuwa mfanyabiashara kabla hajawa mtume, aliyewaambia wenzake Mungu ni mmoja tu na maskini wana haki katika mali ya tajiri. Vizazi vichache, akasema, mshale umefika Hispania upande huu na Bara Hindi upande ule, na kwa biashara ukashuka pwani yetu. Akagusia na wale wa Mashariki wasiochinja ng'ombe, na mwana wa mfalme aliyeacha jumba lao akaenda kutafuta dawa ya mateso. Shangazi akauliza hao wanazikanaje. Mwalimu akasema wengi wao wanachoma. Shangazi akasema basi arudi kwetu.

Akarudi. Mshale mmoja ukapanda ziwa kutoka kusini, wamisheni ndani ya boti, na nyimbo, na shule, na sabuni. Mwingine ukatoka pwani kwa miguu, wachuuzi na nguo na shanga na bunduki. Nikaihesabu ile mishale. Nikairudia. Yote ilikuwa inaingia, hakuna hata mmoja uliokuwa unatoka. Dunia nzima imetuletea mzigo, na sisi kazi yetu ni kugombana nani amebeba wa maana.

Na tukagombana. Nilimwambia mdogo wangu kwamba wachuuzi wa kwanza kutoka kwa wakwe zake waliporudi pwani hawakurudi mikono mitupu, walirudi na pembe na watu. Haikuwa haki, babu wa shemeji aliuza nguo tu, na miaka mingi baadaye. Yeye akaniambia nyuma ya boti za wachungaji wangu alikuja nani, kama si serikali na kiboko na kodi ya kichwa. Hiyo nayo ilikuwa kweli. Ugomvi mbaya kuliko wote ni ule ambao pande zote zina kweli, kwa sababu hakuna anayeona aibu akanyamaza.

Aliyetunyamazisha ni shangazi, na hakuwa ananitetea.

"Na yetu?" akamuuliza mwalimu. "Umechora za watu wote."

Mwalimu akasema dini za jadi zipo, mama, wanafunzi wanazisoma, ukurasa mmoja hivi.

Shangazi akamwambia kwamba boti zilipokuja, Kyala alikuwepo. Wale wageni walikuwa wanatafuta jina la kumwitia Mungu wao kwa Kinyakyusa, wakalikuta jina hilo midomoni mwa watu, wakalichukua, na yeye mpaka leo analiimba Jumapili. Akasema hiyo ya zamani haikuuliza mtu amekula nini. Iliuliza ana nini moyoni. Mtu mwenye kinyongo aliitwa, akakitoa mbele ya wenzake, akajaza maji mdomoni akayapuliza, yakaisha. Aliyekificha ndiye aliyeua watu. Alisema hayo akimtazama mdogo wangu, na macho yake hayakuwa yamepuliza chochote.

Chakula kilikuwa kinachelewa na watu walikuwa wanajaa. Nikaona niache dini, nifanye ninachokijua. Nilimvuta mdogo wangu nyuma ya choo, nikamuuliza bei yake ya mwisho. Alijifanya haelewi, kisha akasema: saba, na udongo, mbele ya macho yake, halafu atakula pamoja na wote. Nikamwendea shangazi. Yeye alikuwa na lake. Kama sufuria inaoshwa kwa udongo kwa sababu ya nguruwe wetu, basi sisi ndio uchafu wenyewe, na hawezi kukaa akitazama ukoo unasuguliwa. Nikamwambia mteja akiomba upepete mchele mbele yake, hujamkubalia kuwa mchele wako una makapi, umetaka tu anunue. Akasema yeye si mchele. Tukavutana. Mwisho tulikubaliana kwamba maji atamimina yeye mwenyewe, kwa mkono wake, ili watu waone ukoo unaosha na hauoshwi. Mdogo wangu hakupenda. Nikamwambia ndiyo bei, achukue au aache.

Mwalimu alikuwa amesimama na kijiti chake. Nikampa ndoo. "Umetuchorea dunia," nikamwambia, "sasa katuchotee kidogo. Udongo safi."

Alirudi na nusu ndoo. Udongo mweusi, laini, usio na jiwe wala mzizi. Hakuna aliyeuliza. Nilishika usimamizi kwa sababu ndiyo kazi yangu, shangazi akamimina, vijana wawili wakasugua, mdogo wangu akasimama akihesabu kwa vidole. Walipofika mara ya sita, shangazi akasema saba imetimia, mdogo wangu akasema bado, nami niliyekuwa nimehesabu na kurudia nikasema bado. Ndiyo mara pekee siku ile niliyokuwa upande wake, na hakunishukuru.

Wali ukapikwa. Watu wakaketi. Mchungaji akaombea, shemeji akaitikia kimoyomoyo kwa namna yake, sahani zikapita.

Mdogo wangu alipewa yake akiwa katikati ya wanawake wa Ikolo, na wote waliigeuza migongo yao kidogo ili wapate kuona bila kuonekana wanatazama. Mwalimu alikuwa karibu nami na shangazi, anakula kwa furaha ya mtu aliyesaidia. Akaniambia, bila kuulizwa, kwamba udongo wa kwetu ni mali, angekuwa na shamba angeuhamisha. Ule aliuchota nyuma kwa mwenyekiti, penye kile kipande cha ukuta mfupi kilichobaki, nyanya zimejiotea zenyewe pale, hajawahi kuona.

Mkono wa shangazi ukasimama njiani kwenda mdomoni. Wangu pia.

Mwalimu ni mgeni, tumsamehe. Kila mtu aliyezaliwa mtaa ule anajua kile kipande cha ukuta. Lilikuwa banda la nguruwe wa mwenyekiti. Homa ilipita, nguruwe wakafa, akalibomoa. Udongo ule ni mweusi kwa sababu ya walioishi juu yake.

Shangazi akageuka polepole. Sijawahi kumwona mtu mwenye umri ule akiwa na furaha kubwa hivyo msibani. Akaweka sahani chini ili awe na mikono yote miwili. Mbele yetu mdogo wangu alikuwa ameumba tonge, amelishika, hajalitia mdomoni.

Sikuwa na muda wa kutafuta maneno mazuri. Alfajiri ya siku ile, nilipokuwa nahesabu kuni, nilimwona shangazi peke yake migombani na kibuyu cha pombe ya ulezi. Alijaza mdomo, akapuliza juu ya kaburi jipya, akasema na kaka yake na wifi yake kwa majina. Mimi sina neno na hilo, hata baba angefurahi. Lakini mchungaji wake hufukuza watu kanisani kwa hilo, na mchungaji alikuwa ameketi kiti cha pili kutoka kwetu, anatafuna mfupa.

Nikamwinamia shangazi sikioni, kama ninayempa pole.

"Wewe sema la udongo," nikamwambia, "mimi nitasema la kibuyu."

Alinigeukia. Alikuwa anapima kama nina mzigo kweli au natikisa gunia tupu. Nadhani aliona ninao. Akainua sahani yake, akaiweka magotini. "Umeharibika, mwanangu," akasema taratibu. "Sokoni kumekuharibu." Kisha akaendelea kula.

Na mdogo wangu akala. Alikula tonge la kwanza, likashuka. Alikula nyama, alikula wali ulioshika chini, aliomba mchuzi. Alikula mpaka wanawake wa Ikolo wakachoka kutazama, wakageuza migongo kurudi mahali pake. Mmoja wao akamwambia ndaga, ahsante mwanetu, umekula. Mimi nilipumua kama mtu aliyevusha mzigo mto ukiwa umejaa. Nilidhani nimefanya biashara nzuri kuliko zote maishani, na aliyefaidi hatajua kamwe.

Watu walipotawanyika nilibaki uani na vyombo vyangu. Mdogo wangu alikuja akasimama mbele ya sufuria kubwa iliyokuwa imelala kifudifudi. Nilidhani amekuja kuniaga.

"Ulijua," akasema.

Nikamuuliza nini.

"Udongo. Mwalimu alikwambia, nikakuona uso. Ukaniacha nile."

Nikamwambia mwalimu alisema kwa sauti ya chini, yeye alikuwa mbali, amesikiaje.

"Sikusikia. Niliuona ulipokuja kwenye ndoo. Mimi nilizaliwa wapi, dada? Unadhani siujui udongo wa kwa mwenyekiti? Tulicheza pale."

Basi nikapandwa na hasira, kwa sababu nilikuwa nimemtisha shangazi yangu siku ya msiba kwa ajili ya siri ambayo mwenyewe alikuwa nayo mkononi. Nikamuuliza kama aliujua, kwa nini hakuurudisha. Ndoo ilikuwa mbele yake. Neno moja, tungechota mwingine.

"Ningeurudisha mbele yao? Shangazi angekubali kumimina tena?" Alikuwa anaongea bila kupandisha sauti, akiikunja kanga ya msiba. "Niliagiza udongo safi, nikaletewa, nikaambiwa safi. Mengine nitaulizwa mimi na Mungu wangu, si wewe. Nilitaka nile kwa mama. Lakini wewe hukujua kwamba najua. Wewe ulikaa pale na sahani yako ukijua ndugu yako anakula kilichoharamishwa kwake, ukamtazama akimeza."

"Nilikuokoa."

"Sikukuuliza udongo umetoka wapi kwa sababu ungenijibu, na ungenijibu kwa furaha. Kumbe hata usipojibu unafurahi."

Nikamwambia maneno ambayo siyaandiki. Yeye akanijibu mengine. Yote yalihusu mama na mimi na yeye, dini haikuwemo hata moja, na pengine haikuwahi kuwemo. Shemeji alikuja mlangoni, akasikia, akarudi nje akawasha pikipiki, akasubiri.

Alichokipata siku ile amekitumia vizuri, siwezi kumnyima sifa hiyo. Kwa kuwa alikula kwa mama yake, hakuna tena anayemtazama mdomo. Siku hizi akija msibani anakuja na chakula chake ndani ya hotipoti, anakaa na wenzake wa msikitini, wanakula pembeni, na mtoto wa watu akishangaa wanawake wanamwambia mwache huyo, alishakula kwa mama yake. Wengine wamemfuata, na wana vyombo vyao, vipya, sufuria yao kubwa haijapika kitu kisichotakiwa. Chama chetu kimebaki na viti vingi kuliko watu. Shangazi bado ana kiti chake mbele kanisani, na akija mjini anapita nyumba yangu anakwenda kulala kwa jirani.

Dukani kwake naenda nikihitaji kitenge, kwa sababu bei zake ni nzuri na mimi si mjinga. Ananisalimu kama anavyomsalimu mteja yeyote. Nikiomba apunguze, hapunguzi.